Ushauri wa Makazi Baada ya Maafa: Ujenzi Huanza Kabla ya Tofali la Kwanza

Dominika ya Kwanza ya Majilio, tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuuvamia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, mkoani Manyara. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na familia nyingi zilihifadhiwa shuleni. Desemba 2024 Serikali ilikabidhi nyumba 109 kwa waathirika. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini tangu kuokolewa hadi kupata makazi ya kudumu kuna safari ndefu, na familia iliyofiwa haipaswi kuifanya peke yake. Kuisindikiza katika maamuzi ya safari hiyo ndiko kunakoitwa ushauri wa makazi.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes, namba 26, unayahesabu makazi miongoni mwa mambo ambayo kila mtu anayahitaji ili aishi kiutu. Papa Fransisko, katika Laudato Si’, namba 152, anayahusianisha na hadhi ya mtu na ustawi wa familia. Kwa hiyo mshauri haiamulii familia. Huisaidia kujibu maswali manne kwa utulivu.

Kwanza, tujenge wapi? Mkondo ambao tope limepita mara moja waweza kupitiwa tena. Hata hivyo, makaburi ya wazee, shamba na biashara huwavuta watu warudi palepale. Mshauri hawakemei; huwasaidia kutenganisha mambo: shamba laweza kuendelea kulimwa mahali pale, na watoto wakalala mahali salama.

Pili, mali ni ya nani? Hapa ndipo wajane na yatima huumizwa zaidi. Nyaraka zikipotea, familia ianzie ofisi ya kijiji au ya ardhi, kwenye kumbukumbu za umiliki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia pasipo ridhaa ya mwenzake. Aliyeandikishwa akifariki, ndugu hukutana, kisha mahakama humteua msimamizi wa mirathi. Msimamizi si mrithi wa vyote: kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia warithi halali.

Tatu, mpangaji je? Misaada ya ujenzi mara nyingi hufuata kiwanja. Aliyepanga chumba, akapoteza kitanda, cherehani na mtaji, asipoandikishwa mapema husahaulika.

Nne, fedha zitatosha? Ni heri vyumba viwili vilivyoezekwa kuliko vinne vilivyoishia kwenye msingi. Mapatano na fundi yaandikwe mbele ya mashahidi, naye alipwe kwa hatua: msingi, kuta, paa. Familia isikope wala kuuza ardhi kwa haraka wakati machozi hayajakauka.

Parokia ina nafasi yake ya pekee. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo hujua nani aliishi wapi, wapangaji wakiwamo. Vitabu vya ubatizo na ndoa vilivyomo parokiani vyaweza kumsaidia mjane kuthibitisha ndoa yake, na yatima kuonesha wazazi wake. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Viongozi wa jumuiya wawapeleke wahitaji huko, bila kubagua dini wala kabila. Palipo na mgogoro wa mirathi, watafute mwanasheria au msaada wa kisheria mapema.

Ndugu waamini, magari ya misaada huja kwa wingi katika majuma ya kwanza, kisha huondoka. Mjane hubaki na swali la kiwanja, mpangaji na swali la kodi. Upendo wa Kikristo hupimwa hapo: katika kwenda naye ofisini, kuketi naye katika kikao cha ukoo, na kurudi tena juma linalofuata, mpaka familia ilale chini ya paa ambalo hakuna atakayewafukuza.