Saa, muda na usiku: kuutaja wakati katika amri za kompyuta

Skripti ni faili lenye mfuatano wa amri ambazo kompyuta huzitekeleza moja baada ya nyingine. Baadhi ya amri hizo hungoja kwanza: ama saa maalumu ifike, ama muda fulani upite. Anayezifasiri kwa Kiswahili hana budi kuchunga mambo matatu, kwani hapa kosa halijitangazi: amri hutekelezwa vilevile, ila kwa wakati usio wake.

1. Saa na muda wa saa
Neno «saa» hutaja wakati katika siku, na pia kipimo cha dakika 60. Hivyo «Ngoja saa mbili, kisha nakili mafaili» ina maana mbili. Katika Linux maana ya kwanza ni kazi ya amri «at» (at 20:00), na ya pili ni ya «sleep» (sleep 2h). Andika «ifikapo saa mbili usiku» au «baada ya muda wa saa mbili». Umbo «masaa» limeenea katika mazungumzo, lakini katika maandishi rasmi «muda wa saa» hutosheleza.

2. Tofauti ya saa sita
Kiswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza na linapokuchwa. Kompyuta huanza saa sita usiku. Saa mbili asubuhi ni 08:00, na saa mbili usiku ni 20:00. Anayeandika «at 2:00» ameagiza saa nane usiku.

3. Usiku ni wa siku ipi?
Kisiwani Pemba, kama kwingineko katika mwambao, siku mpya huingia magharibi. Katika mazungumzo ya Wete au Chake Chake, «usiku wa Ijumaa» ni ule unaoutangulia mchana wa Ijumaa. Kwa kompyuta, ungali Alhamisi hadi saa sita usiku.

Tuseme skuli inataka matokeo ya mitihani yanakiliwe kila usiku wa Ijumaa, saa mbili. Katika crontab, yaani orodha ya amri za kila mara, mstari sahihi huanza hivi: 0 20 * * 4. Akiandika 5 mahali pa 4, mfasiri ameichelewesha kazi kwa saa 24. Mashine ikiharibika Ijumaa asubuhi, nakala haipo.

Tarakimu yenyewe nayo hupotosha. Tano ya Jumatano huhesabiwa tangu Jumamosi; Alhamisi imebeba tano ya Kiarabu, inayohesabiwa tangu Jumapili; 5 ya crontab ni Ijumaa, kwa kuwa Jumapili ni 0.

Matumizi yanayopendekezwa: andika «usiku wa kuamkia Ijumaa», kisha ongeza jina la siku ya kompyuta na saa kwa tarakimu: Alhamisi, 20:00. Tarehe nayo ianze na mwaka, kama 2024-05-04, ambavyo «date +%F» huichapa. 04/05/2024 ni Mei kwetu, lakini ni Aprili kwa Mmarekani.