Saratani ya ngozi: dawa ya ukoma yafungua njia mpya ya utafiti

Alama kwenye ngozi, kuwashwa kwa miezi au hata miaka, pomadi za kila aina zisizosaidia: mara nyingi ndivyo inavyoanza limfoma ya ngozi ya chembe T, saratani ambayo si watu wengi wanaoijua. Kwa watu wenye ngozi nyeusi, alama hizo zinaweza kuwa nyeupe-nyeupe, na mgonjwa akadhaniwa kuwa na ukoma.

Ugonjwa huu haukuanza jana. Munganga Mfaransa Jean-Louis Alibert aliueleza mjini Paris mwaka 1806. Unaonekana kwenye ngozi, lakini unatoka kwenye chembe T, yaani askari wa damu wanaolinda mwili. Askari hao hukusanyika ndani ya ngozi na kuzaana bila kikomo. Kwa wagonjwa wengine uvimbe hutokea, ao ugonjwa huingia katika damu. Kuna pomadi, matibabu ya mwanga na dawa za saratani, lakini ukishaenea ni vigumu kuuponya.

Milango ya potasiamu

Ndiyo sababu watafiti wanaangalia milango midogo sana iliyo kwenye ukuta wa chembe T. Potasiamu inatoka kupitia milango hiyo, na kutoka kwake kunaiwezesha kalsiamu kuendelea kuingia. Kalsiamu ndiyo inayoiamuru chembe iamke na kuzaana. Mlango ukifungwa, kalsiamu inapungua na chembe inatulia.

Mlango mmoja, unaoitwa Kv1.3, ulionekana kwenye chembe T za binadamu mwaka 1984. Unategemewa hasa na chembe T zilizokwisha kupigana na adui na kubaki na kumbukumbu yake. Aina kubwa ya limfoma ya ngozi inatoka katika chembe za namna hiyo.

Dawa inayojulikana Kongo

Mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waligundua kwamba klofazimini inafunga mlango huo. Ni moja kati ya dawa tatu zinazotibu ukoma, na DRC ni kati ya nchi za Afrika ambazo bado zinapata wagonjwa wapya wengi. Wanaoimeza wanaijua: inageuza rangi ya ngozi.

Mwaka 2012, kikundi cha Padova, Italia, kilionyesha kwamba kuifunga Kv1.3 iliyo ndani ya chembe za saratani kunaweza kuziua. Katika panya wenye melanoma, saratani nyingine ya ngozi, klofazimini ilipunguza sana uvimbe.

Lakini panya si mtu. Hadi sasa hakuna dawa ya kufunga milango ya potasiamu iliyoidhinishwa kwa limfoma ya ngozi. Tena, chembe T zenye afya zinatumia milango hiyo hiyo kupigana na magonjwa. Kumeza klofazimini bila munganga ni hatari.

Kwa mgonjwa wa leo, la maana ni kutambuliwa mapema. Alama ya ukoma mara nyingi haisikii kitu ikiguswa, na ile ya limfoma mara nyingi inawasha, ila dalili hizo pekee hazitoshi. Alama isiyopona inapaswa kuonyeshwa kwa munganga, akate kipande kidogo cha ngozi na kukipeleka labo. Limfoma inayotambuliwa ingali kwenye ngozi tu, wagonjwa wengi wanaishi nayo miaka mingi.