Kuziba Jino Kabla ya Kung'oa

Jino haliliwi na mdudu, kama wengi wasemavyo. Vijidudu vikaavyo katika utando wa meno hugeuza sukari kuwa asidi, nayo asidi hulainisha ganda la jino hadi litoboke. Tundu likiwa bado dogo, huzibika. Likifika kwenye kiini, penye mishipa ya fahamu, maumivu huwa makali, na asiye na fedha hubakiwa na njia moja: kung'oa.

Kwa mwanafunzi wa Kitangari, gharama si ya matibabu pekee. Akilazimika kwenda hospitali ya Newala, ipo pia nauli, na vipo vipindi vitakavyompita.

Hata hivyo, kuziba jino si lazima kuwe na mashine wala umeme. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, mtaalamu Jo Frencken na wenzake walianza kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono, kisha kujaza tundu kwa saruji maalumu ishikamanayo na jino. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliieneza njia hiyo. Mwaka 2021 saruji itumikayo siku hizi katika njia hiyo, ambayo pia hutoa floridi, iliingizwa katika orodha yake ya dawa muhimu.

Basi mwanafunzi aonaye tundu asingoje maumivu. Aulize kwanza katika kituo cha afya ni wapi huduma hiyo hupatikana. Naye ambaye meno yake ni mazima apige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, na kupunguza vitu vitamu.