Sukari ya Kopo la Mtoto na Sheria Inayoiruhusu

Chukua dukani kopo la nafaka ya mtoto, lile la ngano na maziwa ambalo wazazi wengi huanzia mtoto akifika miezi sita, usome jedwali la virutubishi lililo nyuma. Utakuta wanga, na mara nyingi chini yake jumla ya sukari. Jumla hiyo imechanganya vitu viwili visivyolingana: laktosi, sukari ya asili ya maziwa ambayo imo pia katika maziwa ya mama, na sukari ya kawaida iliyotiwa kiwandani. Hata mimi ninayefanya kazi ya lishe siwezi kuzitenganisha kwa kutazama jedwali. Inanibidi nisome orodha ya viambato, ambayo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Nikiiona sukari ya tatu, baada ya unga wa ngano na maziwa ya unga, najua kwamba imeongezwa. Kiasi chake bado sikijui.

Wenye maabara ndio waliokipima. Aprili 2024 shirika la Uswisi liitwalo Public Eye, pamoja na IBFAN, mtandao unaotetea unyonyeshaji, walitoa matokeo kuhusu Cerelac, nafaka ya watoto ya Nestlé. Ile ya ngano ya miezi sita inayouzwa Ujerumani na Uingereza haikuongezwa sukari. Ya Ethiopia ilikuwa na zaidi ya gramu 5 kwa mlo mmoja, na ya Thailand gramu 6. Novemba 2025 Public Eye wakatoa vipimo vya nchi 20 za Afrika. Wastani ulikaribia gramu 6, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu, na kopo la Kenya likaongoza kwa gramu 7.5. Mwaka 2024 Nestlé ilikuwa imejibu kwamba inafuata kanuni za nchi inakouza, na kwamba kwa miaka kumi imepunguza sukari iliyoongezwa kwa 11%.

Jibu hilo la kanuni ndilo linalonikosesha usingizi, kwa sababu ni la kweli.

Codex Alimentarius ni chombo cha FAO na WHO kinachoweka viwango vya chakula, na nchi nyingi hutunga vyao kwa kuvitazama hivyo. Kiwango chake cha nafaka za watoto ni cha mwaka 1981, kikarekebishwa 2006. Nafaka iliyokwisha kuchanganywa na chakula chenye protini nyingi, kama maziwa ya unga, inaruhusiwa kuongezwa sukari hadi gramu 5 kwa kila kilokalori 100. Nafaka tupu ya kukorogea maziwa nyumbani inaruhusiwa hadi gramu 7.5. Gramu moja ya sukari ina kilokalori 4, kwa hiyo katika hali ya kwanza moja ya tano ya nguvu yote ya chakula inaweza kutoka kwenye sukari iliyotiwa, na katika hali ya pili karibu theluthi. Mlo wa gramu 50 wenye kilokalori 200 hivi unaweza kubeba gramu 10 za sukari bila kuvunja kiwango. Wakati huohuo WHO inataka watu wa rika zote wapate chini ya 10% ya nguvu yao kutoka sukari ya namna hiyo, na mwongozo wake wa 2023 unasema watoto wa miezi 6 hadi 23 wasipewe vyakula vyenye sukari nyingi.

Mtoto wa miezi sita hadi minane anayenyonya vizuri anahitaji takriban kilokalori 200 tu kwa siku kutoka vyakula vya nyongeza. Ni nafasi ndogo mno, na ndani yake lazima viingie madini ya chuma, zinki na protini ambavyo maziwa ya mama peke yake hayatoshelezi tena. Tanzania, ambako utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta 30% ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, haina nafasi ya kupoteza kwenye kijiko cha sukari.

Kuna pia ushahidi wa muda mrefu, na huu ulinigusa sana. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza iliendelea kugawa sukari kwa mgao hadi Septemba 1953. Mgao ulipoondolewa, ulaji wa watu wazima ulipanda kutoka gramu 40 hivi kwa siku hadi karibu 80. Watafiti wakalinganisha watu waliotungwa mimba na kukua kabla na baada ya mwezi huo, na mwaka 2024 wakachapisha katika jarida la Science: walioishi siku zao elfu moja za mwanzo chini ya mgao walikuwa na hatari ndogo ya kisukari cha aina ya pili, kwa takriban 35%, na ya shinikizo la damu kwa 20%. Hao walizaliwa katika nchi moja, wakapishana miaka michache tu.

Kliniki nasikia sana: "Dokta, uji usio na sukari anautema." Mama, mpe tena kesho, na keshokutwa, mtoto huenda akahitaji kuonjeshwa ladha mpya mara nane, hata kumi. Na uji wa nyumbani una njia yake ya zamani. Otesha ulezi, ukaushe, usage, kisha tia kijiko cha kimea hicho kwenye uji mzito ulioepuliwa na kupoa kidogo, halafu uchemshe tena. Wanga unavunjika, uji unalainika bila kuongezwa maji, na utamu kidogo unajitokeza wenyewe.

Lakini si haki kumwachia mama kazi ya serikali. Kenya ina sheria ya vibadala vya maziwa ya mama ya mwaka 2012 na Tanzania ina kanuni zake tangu 1994. Kazi kubwa ya sheria na kanuni hizo ni kudhibiti matangazo na uuzaji. Kilichomo ndani ya kopo ni suala la viwango, na huko ndiko mashirika ya viwango, KEBS la Kenya na TBS la Tanzania, yanakopaswa kuulizwa. Hakuna kinachoyalazimisha kusubiri Codex. Yanaweza kuandika sifuri kwenye mstari wa sukari ya kuongeza kwa chakula cha mtoto chini ya miaka mitatu, na hadi hapo yailazimishe kila lebo iitaje sukari hiyo peke yake, kwa gramu, mbali na laktosi.