Jumba la balozi lililozaliwa na ugomvi wa mirathi

BALOZI wa Marekani nchini Ufaransa anaishi namba 41, mtaa wa Faubourg Saint-Honoré jijini Paris, jirani kabisa na mwenzake wa Uingereza aliyeko namba 39. Wageni wake hupokewa katika kumbi za kifahari, lakini chanzo cha jumba hilo ni ugomvi wa mali uliomwaga damu.

Aliyelijenga ni Micaela Almonester, aliyezaliwa New Orleans mwaka 1795 na kurithi viwanja na nyumba za kupangisha za baba yake, tajiri wa Kihispania. Mwaka 1811 aliolewa na binamu yake, Célestin de Pontalba, wakahamia Ufaransa. Huko mume ndiye aliyekuwa na madaraka juu ya mali ya mke, na baba mkwe alitaka urithi wote uingie kwenye ukoo wake.

Bibi huyo alikataa. Oktoba 1834 mzee alimfuata chumbani na bastola, akampiga risasi kifuani, kisha akajiua. Micaela alipona, ingawa alipoteza vidole viwili. Alitengana na mumewe kisheria, akashika mali zake mwenyewe.

Mwaka 1836 alinunua kiwanja hicho cha Paris. Kazi alimpa Louis Visconti, msanifu wa kaburi la Napoleon, na ujenzi ulichukua miaka ya 1842 hadi 1855. Katikati ya kazi hiyo alirudi New Orleans, akasimamia ujenzi wa safu mbili za matofali mekundu, maduka chini na makazi ya kupangisha juu. Kwa mfanyabiashara, hapo ndipo penye akili: jumba la Paris lilikula fedha, nyumba za New Orleans zilileta kodi.

Alifariki mwaka 1874. Miaka miwili baadaye jumba liliuzwa kwa Edmond de Rothschild, ambaye alilibadili sana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia maofisa wa jeshi la anga la Ujerumani walilifanya klabu yao. Serikali ya Marekani ililinunua mwaka 1948 ikaweka ofisi, na mwaka 1971 likawa makazi ya balozi.

Nyumba za New Orleans nazo bado zina wapangaji. Kwenye vyuma vya roshani zake zimo herufi A na P, Almonester na Pontalba, na ya baba yake ndiyo iliyotangulia.