Rangi ya kiungo inapotoboa siri ya mteja

MFUGAJI anayepeleka ng'ombe mnadani hatangazi kwamba kesho anadaiwa ada ya shule. Wanunuzi wakijua ana shida, bei inashuka papo hapo. Kwenye intaneti siri za namna hiyo zilivuja kwa miaka kupitia kitu kidogo sana: rangi.

Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, hukumbuka kurasa ulizopitia. Kwa kawaida kiungo ambacho hujakifungua huwa cha bluu, na ulichokwisha kukifungua hugeuka zambarau. Kwa msomaji ni msaada mzuri. Tatizo ni kwamba hata tovuti yenyewe iliweza kuisoma rangi hiyo. Mwenye tovuti alificha maelfu ya viungo ndani ya ukurasa, kisha akakihoji kivinjari kimoja kimoja: hiki kina rangi gani? Na hiki je? Kazi hiyo haikuchukua muda, na aliyekaa mbele ya kompyuta hakuona lolote.

Kampuni ya matangazo ya Marekani, Epic Marketplace, iliitumia mbinu hiyo kuanzia Machi 2010 hadi Agosti 2011. Ilichunguza kama watu wamepita katika anwani zaidi ya 54,000, zikiwamo zinazohusu ugumba, kukoma hedhi, mzigo wa madeni na kufilisika. Wakati huo huo sera yake ya faragha ilidai kwamba inafuatilia tovuti zilizo katika mtandao wake tu! Desemba 2012 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo ilitangaza makubaliano yaliyoipiga marufuku kuendelea na mchezo huo na kuitaka ifute taarifa ilizokusanya.

Epic ilikuwa ikichagua matangazo ya kumwonyesha kila mtu. Lakini kwa jicho la uchumi, taarifa kama hizo ni nguvu ya kupanga bei. Mkopeshaji anayejua kwamba umetoka kusoma habari za kufilisika hana sababu ya kukupunguzia riba, wakati wewe hujui chochote kuhusu hesabu zake.

Watengenezaji wa Mozilla walikuwa wameambiwa kuhusu kasoro hii tangu mwaka 2000. Dawa yao, iliyoingizwa katika Firefox 4 mwaka 2011, ilikuwa kukifundisha kivinjari kudanganya: ukurasa ukiuliza, hujibiwa kwamba viungo vyote havijafunguliwa. Hata hivyo, watafiti waliendelea kugundua vichochoro vingine. Mwaka 2025 Chrome 136 ilikwenda mbali zaidi. Kiungo hugeuka zambarau katika tovuti ile tu ulikokibofya.

Kwa hiyo anayetumia toleo la zamani alisasishe. Na anayetumia kompyuta ya kulipia, au ya ofisi ya ushirika, afute kumbukumbu za kivinjari kabla ya kuinuka, kwani atakayekalia kiti hicho baada yake hahitaji utaalamu wowote kuzisoma.