Hali ya Hewa, Tabianchi na Misimu ya Mvua Afrika Mashariki

Hali ya hewa ni jinsi anga lilivyo mahali fulani kwa wakati fulani: jua au mawingu, mvua au ukavu, upepo au shwari. Asubuhi inaweza kuwa hivi na adhuhuri vingine kabisa. Tabianchi ni mwenendo wa hali hiyo kwa muda mrefu, na kwa kawaida hupatikana kwa wastani wa vipimo vya miaka 30. Mvua kubwa ikinyesha Tanga mwezi Julai, hiyo ni hali ya hewa tu; tabianchi ya Tanga bado haijabadilika.

Yote huanzia kwenye vipimo. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hakiachwi juani, kwa sababu kingeonyesha joto lake chenyewe badala ya joto la hewa. Hukaa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya kupitisha upepo, zaidi ya mita moja kutoka ardhini. Mvua husomwa kila siku saa 3 asubuhi, kwa milimita. Milimita 20 ni lita 20 za maji kwa kila mita ya mraba. Paa la mita za mraba 50 huwa limepokea lita 1,000, kiasi ambacho wengi hawakidhanii.

Mvua yenyewe hutokana na hewa inayopanda. Jua hupasha ardhi na bahari joto, hewa yenye mvuke hupanda, hupoa, na mvuke hugeuka matone. Karibu na ikweta, pepo za kaskazini na za kusini hukutana na kuisukuma hewa juu. Eneo hilo huitwa ukanda mvua, nao hulifuata jua. Unapopita kuelekea kaskazini, Machi hadi Mei, huleta masika. Unaporudi kusini, Oktoba hadi Desemba, huleta vuli. Dodoma, Mbeya na Songea, zilizo mbali zaidi na ikweta, hupata msimu mmoja tu, takriban Novemba hadi Aprili. Pepo nazo hupokezana: kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi hutawala katikati ya mwaka. Mabaharia wa majahazi walipanga safari za Arabuni na Bara Hindi kwa pepo hizo karne nyingi kabla ya vipimo vya kisasa.

Misimu haifanani kila mwaka, na bahari ni sababu kubwa. Mwishoni mwa 2019, maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalikuwa na joto kuliko ya mashariki, na vuli ikamwaga mvua nyingi kupita kiasi Afrika Mashariki.

Mwinuko pia huamua. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kila mita 1,000 za kupanda. Ndiyo maana Moshi huwa na joto ilhali kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, kina barafu. Barafu hiyo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Hapo ndipo tabianchi yenyewe inapoonekana kubadilika, ingawa joto si sababu pekee: hewa ya mlimani imekuwa kavu zaidi, na theluji inayoanguka haitoshi kufidia inayopotea.